Msomaji wa Mwisho wa Faili

Kiswahili kina methali mbili ambazo haziwezi kuketi meza moja bila kugombana. Moja inasema subira yavuta heri. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengi wetu huchagua ile inayotufaa siku hiyo. Ukiwa nyuma ya kaunta unamwambia mwenzako awe na subira. Ukiwa mbele ya kaunta, tumbo ndilo linalouma. Lakini kuna foleni moja ambapo methali zote mbili zinakwama, kwa sababu anayengoja zaidi hayuko hata kwenye foleni. Yuko kwenye makao ya watoto, ana miezi 14, anajifunza kusimama kwa kushika vyuma vya kitanda, na hajui kwamba kuna faili mahali fulani yenye jina lake.

Nazungumzia kuasili mtoto, na hasa kule kuasili kunakovuka mpaka, ambako mtoto yuko nchi moja na watu wanaotaka kuwa wazazi wake wako nchi nyingine. Swali ni hili: je, ni haki kumngojesha mtoto miezi, hata miaka, ili watu wazima wakamilishe karatasi?

Jibu la haraka la mtaani ni hapana. Mtoto hana nyumba, kuna mtu ana nyumba, sasa shida iko wapi? Jibu la haraka la ofisini ni ndiyo. Sheria ni sheria, lete nakala tatu, rudi wiki ijayo. Mimi nayashuku yote mawili, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na karatasi zenyewe, maana watu huzilaani bila kuzijua. Chukua mtoto aliyeachwa, tuseme kwenye stendi ya matatu hapa Kenya. Jambo linaripotiwa polisi na kuandikwa kwenye OB. Mtoto anapelekwa hospitali, halafu makao, na korti inatoa amri ya kumweka huko. Polisi wanatakiwa kutafuta wazazi au jamaa. Miezi 6 ikipita bila mtu kujitokeza, wanaandika barua ya mwisho, ambayo kwa ufupi inasema: tumetafuta, hatukupata. Ndipo mtoto huyo anaweza kutangazwa kuwa huru kuasiliwa. Na kama mama anajulikana na ameamua mwenyewe kumtoa mtoto, mpango hauwezi kuanza kabla mtoto hajafikisha wiki 6.

Upande wa pili, anayetaka kuasili naye anapekuliwa. Awe na umri wa miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka 21. Aonyeshe afya yake, mapato yake, cheti cha tabia njema. Afisa aje aone anapoishi. Akishakabidhiwa mtoto, waishi pamoja angalau miezi 3 mfululizo kabla ya ombi kufika kortini. Korti nayo inamteua mtu wa kumsemea mtoto, kwa sababu kila mwingine chumbani ana wakili isipokuwa yeye.

Sasa ongeza mpaka. Kenya ilijiunga mwaka 2007 na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi. Mkataba huo unataka mamlaka za nchi zote mbili zikubaliane. Nchi ya mtoto ihakikishe kwamba kwanza ilijaribu kumpatia familia nyumbani, na kwamba idhini ya wazazi haikununuliwa. Nchi inayompokea ihakikishe kwamba wazazi wapya wanafaa na kwamba mtoto akifika ataruhusiwa kuingia na kukaa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, unasema wazi zaidi kwamba kumpeleka mtoto nchi nyingine iwe hatua ya mwisho kabisa.

Ukiisoma orodha hiyo ukiwa umechoka, utaona vizuizi vya barabarani, na kila kizuizi kina askari anayetaka kitu. Isome tena ukiuliza jambo moja tu: kila karatasi inasema kwa niaba ya nani? Barua ya polisi inasema kwa niaba ya mama ambaye pengine anamtafuta mtoto wake sasa hivi. Fomu ya idhini inasema kwa niaba ya mama aliyekuwepo na akaamua, na zile wiki 6 zinamlinda asiamue akiwa bado na uchungu wa kuzaa na mtu amesimama pembeni na kalamu. Ripoti ya afisa inasema kwa niaba ya mtoto ambaye hawezi kusema, "huyu simtaki." Yaani karatasi hizi ni viti vya watu ambao hawapo chumbani. Ukiondoa karatasi, umeondoa kiti.

Na dunia imeshaona viti vikiondolewa. Guatemala, kabla ya mwaka 2008, uasili ulipitia mikononi mwa mawakili wenye mamlaka ya unotari, bila jaji kutoa amri. Kazi ilikwenda mbio. Mwaka 2007 peke yake zaidi ya watoto 4,000 walipelekwa Marekani kutoka nchi hiyo ndogo. Pesa zilikuwa nyingi, na palipo na pesa nyingi hapakosi mtu wa kutafuta bidhaa. Zikaibuka kesi za watoto walioibwa na za akina mama walioshawishiwa au kulaghaiwa, mpaka nchi ikafunga mlango.

Mwaka huohuo wa 2007, shirika la Kifaransa liitwalo L'Arche de Zoé lilijaribu kuwasafirisha watoto 103 kwa ndege kutoka Chad. Walisema ni mayatima wa vita vya Darfur. Ilikuja kubainika kwamba wengi wao walikuwa watoto wa Chad, na wengi walikuwa na mzazi au jamaa aliye hai. Familia zilikuwa zinawangoja Ufaransa, na naamini nyingi zilikuwa na nia njema. Hapo ndipo funzo lilipo. Nia njema ikiwa na haraka inaweza kufanya kazi ileile ambayo mwizi angeifanya.

Kuna kisa cha tatu, na hiki kinaniuma zaidi kwa sababu karatasi zilikuwepo. Korea Kusini ilituma nje zaidi ya watoto 140,000 kuanzia miaka ya 1950. Kila mtoto alikuwa na faili. Lakini katika faili nyingi iliandikwa kwamba mtoto ni yatima, aliyeokotwa, ilhali wazazi walijulikana. Mtoto asiye na wazazi husafiri haraka. Watoto hao walikua, wakawa watu wazima huko Ulaya na Marekani, wakarudi kufungua faili zao na kukuta hadithi ya mtu mwingine. Watu 367 walipeleka malalamiko kwenye Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea. Machi 2025 tume hiyo ilitangaza kwamba haki za binadamu zilikiukwa, na ikawatambua 56 kati yao kuwa wahasiriwa.

Kwa hiyo karatasi ni muhimu, na kungoja kuna maana. Hadi hapo mtu wa ofisini anatabasamu. Asitabasamu sana.

Desemba 1989, utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Romania, dunia ilikuta zaidi ya watoto 100,000 kwenye makao ya serikali. Walilishwa, walivalishwa, walihesabiwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kila mtoto: mtu yuleyule asubuhi na jioni, anayemjua akilia kwa njaa na akilia kwa usingizi. Miaka kumi baadaye, kundi la watafiti likafanya utafiti mjini Bucharest na watoto 136. Nusu walipelekwa kwa familia za kulea, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya makao. Waliopata familia walifanya vizuri zaidi kiakili na katika uwezo wa kushikamana na mtu. Na jambo lililojitokeza ni kwamba umri ulikuwa na uzito: waliotolewa mapema, hasa kabla ya kufikisha miaka 2 hivi, walinufaika zaidi kuliko waliotolewa baadaye.

Hili linabadilisha hesabu yote. Miaka 2 kwa karani ni faili mbili tatu kwenye rafu. Kwa wakili ni tarehe za kusikizwa kesi. Kwa wanandoa wanaosubiri ni uchungu wa kweli, lakini wao ni watu wazima, wana simu, wana marafiki wa kuwalilia. Kwa mtoto wa miezi 6, miaka 2 ni mara nne ya maisha yake yote. Sote tunasema "tunangoja," kumbe hatungoji kitu kimoja. Mtu mzima hungoja maisha yake yaendelee. Mtoto hangoji hivyo, kwa sababu maisha yake yanaendelea tayari, hapo makaoni, na ubongo wake unajengwa kwa matofali yaliyopo.

Kisha kuna kungoja kusiko na kisingizio chochote. Septemba 2013, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Mamia ya watoto walikuwa tayari wana hukumu ya korti ya Congo. Kisheria walishakuwa na wazazi. Waliokuwa wamebaki na muhuri mmoja tu wakabaki nao kwa miaka, na baadhi ya wazazi wakahamia Kinshasa kuishi na watoto wao ruhusa ikingojwa. Vibali kwa wengi vilianza kutoka tena mwaka 2016. Serikali ilikuwa na hofu halali kuhusu udanganyifu. Lakini hofu halali ingedai kitu: faili zifunguliwe moja moja, familia za asili zitafutwe, mwongo akamatwe. Mtoto kubaki mahali alipo bila kazi hiyo kufanyika hakumlindi mtu.

Hapa ndipo ninapoona tofauti ambayo mjadala wetu huipoteza. Kungoja ni kwa aina tatu. Kuna kungoja kunakotafuta, kama ile miezi 6 ya polisi. Kuna kungoja kunakopima, kama ile miezi 3 ya mtoto na mlezi kuishi pamoja, wazoeane, ionekane kama kweli wanawezana. Na kuna kungoja kunakolala, pale ambapo faili iko kwenye kabati, afisa yuko likizo, sistimu iko chini, na hakuna mtu yeyote anayejua jambo lolote leo ambalo hakulijua miezi minne iliyopita.

Ukizitazama kwa kalenda, zote tatu zinafanana. Siku 180 ni siku 180. Ndiyo maana watu wazuri huishia kugombana bure. Anayetetea utaratibu anatetea kule kungoja kunakotafuta, na bila kujua anakifunika kile kilicholala. Anayepinga urasimu anakasirikia kungoja kunakolala, na kwa hasira hiyo angefutilia mbali hata kule kunakomtafuta mama. Mizani yangu ni rahisi. Ukitaka kujua kama kungoja fulani ni haki, uliza: wakati huu unapopita, nani anafanya nini? Kukiwa na mtu anayepiga simu, anayekwenda kijijini kwa chifu kuuliza, anayeketi na mtoto na mlezi akiwaangalia, basi subira hiyo ina heri. Kama jibu ni kimya, basi hiyo si subira. Ni deni, na mtoto ndiye anayelilipa.

Mizani hiyo tuiweke nyumbani sasa. Novemba 2014 Kenya ilisimamisha uasili wa watoto wake na familia za nje, kwa hofu ya ulanguzi. Septemba 2019 Baraza la Mawaziri likakaza zaidi, likazuia wageni kuasili watoto Wakenya kwa muda usiojulikana. Hatuko peke yetu. Ethiopia ilifunga mlango Januari 2018. China, ambayo ilikuwa imepeleka zaidi ya watoto 80,000 Marekani pekee, ilitangaza mwisho wake Septemba 2024, na mamia ya familia zilizokuwa tayari zina picha ya mtoto ukutani zikaachwa na picha.

Sipingi kufunga. Nchi ina haki, hata wajibu, kukataa kuwa soko. Ninachouliza ni kile kinachofuata baada ya mlango kufungwa. Kanuni inasema tumpatie mtoto familia hapa kwanza. Vizuri. Je, tunampatia? Kwa sababu ukisema "asiende kwa wageni, ana kwao," umetoa ahadi. Na kwa mtoto wa makaoni, kwao si bendera wala wimbo wa taifa. Kwao ni mlango fulani wa bluu, na mtu ndani anayeuliza, "mbona umechelewa?"

Hapa swali linatoka kwa serikali linakuja kwetu sisi wenyewe. Kuna watu wanaoimba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na papo hapo wakisikia binamu anataka kuasili wanauliza, "Mtoto wa nani? Damu gani hiyo?" Damu ni nzito kuliko maji, sawa. Lakini nusu ya mtaa imelelewa na shosh, na mjomba, na yule mama wa pili ambaye hakuna aliyewahi kuuliza undugu wake unaanzia wapi. Tumezoea kulea watoto wa wengine. Tusichozoea ni kuliandika jambo hilo, na kumwita huyo mtoto wetu hata pale urithi wa shamba unapotajwa. Sheria ya Watoto ya 2022 imepanua njia: inatambua hata kafaalah, ule ulezi wa Kiislamu ambapo mtoto analelewa kama wako bila kufutiwa jina na nasaba yake. Sheria imefungua milango ya ndani. Kuingia ni kazi yetu.

Tuseme kuna Mkenya anayeishi Marekani, na dadake amefariki akiacha mtoto wa miaka 9. Ukoo wote umekubali: mtoto aende kwa mamake mdogo. Mtaani jambo hili limeshaisha, hakuna hata cha kujadili. Kwenye karatasi ndio kwanza linaanza. Kama mamake mdogo ameshachukua uraia wa huko, njia moja ya sheria ya uhamiaji ya Marekani inataka mtoto awe ameasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, na wawe wameishi pamoja chini ya ulezi wa kisheria kwa miaka 2. Ataishije na mtoto miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kuishi naye? Arudi Kenya aache kazi inayomlipia mtoto huyohuyo karo? Sheria iliyotungwa kumzuia mwizi wa watoto imemkuta shangazi mlangoni na haina macho ya kuwatofautisha.

Macho hayo anaweza kuwa nayo mtu tu, yule anayeshika faili. Hivyo siamini kwamba jibu ni kufuta karatasi, wala kuziongeza. Jibu linaanza na kukumbuka karatasi hizi zinaandikiwa nani. Karani anadhani anamwandikia bosi wake. Wakili anamwandikia jaji. Wanandoa wanajaza fomu ili wakubaliwe. Wote hao ni wasomaji wa kupita. Msomaji wa mwisho wa faili ni yule mtoto, akiwa na miaka 25, ameketi mahali fulani Nakuru au Turin, simu ameizima, anasoma ukurasa mmoja mmoja.

Msomaji huyo ana maswali ambayo hakuna afisa atakayemuuliza. Mamangu alitafutwa kweli, au mtu aliandika tu "alitafutwa"? Ni nani alinipata, na saa ngapi, na nilikuwa nimevaa nini? Kwa nini kati ya ukurasa wa 11 na wa 12 kuna mwaka mzima ambao hakuna kilichoandikwa, na mimi nilikuwa wapi mwaka huo?

Nikifikiria hivyo, zile methali mbili zinaacha kugombana. Subira yavuta heri, kama subira hiyo ilitumika kumtafuta mama hadi pale njia ilipoishia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na huko Romania ilibainika kwamba huumiza zaidi ya matumbo. Afisa mwenye haki anaweza kutii zote mbili: asiruke hatua hata moja, na asiache siku hata moja ilale kati ya hatua na hatua. Wapo wanaofanya hivyo kimyakimya, kwa mishahara midogo, na gari la ofisi halina mafuta. Anayepanda matatu kwenda kumuuliza chifu wa lokesheni kama kuna mwanamke aliyepotelewa na mtoto, halafu anarudi na kuandika alichoambiwa, tarehe na jina la mzee aliyemjibu, amemwandikia mtu ambaye bado hawezi kusoma.